Navi Pillay na swali lililoulizwa Arusha

Hotuba kwa wanafunzi wa sheria na mawakili vijana, Dar es Salaam

Waheshimiwa majaji na mahakimu mliopata nafasi ya kufika, mawakili wenzangu, walimu, nanyi wanafunzi mliojaa mpaka mlangoni kule, nawasalimu nyote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mliniomba nimzungumzie mwanamke wa Kiafrika aliyetangulia katika kazi ya ujaji, mkaniachia nichague ni nani. Nyumbani tunao. Tunaye Julie Manning, mwanamke wa kwanza kuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, ambaye mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimpa Wizara ya Sheria. Tunaye Eusebia Munuo, mwanamke wa kwanza kuketi katika Mahakama ya Rufani. Tunaye Imani Aboud, aliyechaguliwa mwaka 2021 kuwa Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kila mmoja wao anastahili kikao chake, na ninaomba vikao hivyo vifanyike wakati wenyewe wanaweza kuhojiwa na kusikilizwa.

Leo nimemchagua mama wa kutoka Durban, Navanethem Pillay, ambaye dunia inamfahamu kwa jina fupi la Navi. Nimemchagua kwa sababu kazi yake iliyo kubwa kuliko zote aliifanya katika ardhi yetu, pale Arusha, ndani ya majengo ya kituo cha mikutano cha kimataifa, AICC, ambayo wengi wenu mmepita mbele yake. Na jambo hili nina uchungu nalo. Mwanafunzi wetu anamaliza shahada akiwa anaijua kwa kichwa kesi ya 1932 ya konokono aliyekutwa kwenye chupa ya kinywaji kule Scotland. Lakini hukumu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyosomwa Arusha tarehe 2 Septemba 1998, hukumu ambayo mahakama za dunia nzima zinainukuu mpaka leo, hajawahi kuifungua.

Alikotoka nitapapitia kwa haraka. Alizaliwa mwaka 1941 huko Clairwood, Durban, katika familia ya Wahindi wa asili ya Kitamil. Baba yake alikuwa dereva wa basi. Kuna kisa cha utotoni ambacho mwenyewe amekisimulia, na naomba mkishike kwa sababu tutakihitaji. Akiwa mtoto wa miaka sita aliibiwa fedha za mshahara wa baba yake. Mwizi akakamatwa. Mtoto yule akasimama mahakamani, akatoa ushahidi, na mwizi akatiwa hatiani. Fedha hazikurudi.

Alipomaliza shule, familia haikuwa na uwezo wa kumpeleka chuo kikuu. Watu wa jumuiya yake wakachanga, akasoma Chuo Kikuu cha Natal, akapata shahada ya kwanza mwaka 1963 na ya sheria mwaka 1965. Kisha akagonga milango ya ofisi za mawakili, na hakuna iliyokuwa tayari kumwajiri mwanamke asiye mzungu. Mwaka 1967 akafungua yake, akawa mwanamke wa kwanza asiye mzungu kufungua ofisi ya uwakili katika Natal. Katika miaka ile wapigania uhuru wa nchi yake walikuwa wamejaa hapa kwetu. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Yeye alibaki ndani, akawatetea waliokamatwa.

Mwaka 1971 aliyekamatwa akawa mume wake, naye pia wakili, akawekwa kizuizini kwa Sheria ya Ugaidi ya Makaburu. Mke akaenda mahakamani kuomba amri ya kuwazuia polisi wasimhoji kwa njia haramu, na akaipata. Fikirini ujasiri huo. Mahakama ni ya wale wale waliomkamata mumeo, jaji ni wa rangi yao, na ofisi ya jaji huyo wewe huruhusiwi hata kuikanyaga kwa sababu ya rangi yako. Mwaka 1973 aliisaidia kesi iliyowapa wafungwa wa kisiasa wa kisiwa cha Robben, Nelson Mandela akiwa mmoja wao, haki ya kuonana na mawakili. Akafanya uwakili miaka 28, na katikati yake akasoma Harvard mpaka shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1988. Alisaidia pia kuanzisha Durban dawati la kuwasaidia wanawake wanaopigwa majumbani. Mwaka 1995, Mandela akiwa Rais, aliteuliwa kukaimu ujaji wa Mahakama Kuu. Amesema mara kadhaa kwamba ofisi ya jaji ya kwanza kuingia maishani mwake ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Hakukaa humo muda mrefu. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulimchagua kuwa jaji wa mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Hapa inabidi niwakumbushe vijana, maana wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda iliyotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ikikaribia kutua Kigali ilikuwa imetoka hapa hapa Dar es Salaam, kwenye mkutano wa viongozi wa kanda. Mwishoni mwa mwezi huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24. Mto Kagera ulileta maiti mpaka Ziwa Victoria, na ndugu zetu wa kanda ya ziwa wanakumbuka jinsi watu walivyoogopa kula samaki. Kwa hiyo Baraza la Usalama lilipounda mahakama mwezi Novemba 1994, na Februari iliyofuata kuamua makao yake yawe Arusha, haikuwa kesi ya watu wa mbali iliyoletwa kwetu kwa bahati tu. Damu ile ilikuwa imeshafika mlangoni.

Pillay alihamia Arusha akakaa miaka minane, na katika miaka ya mwanzo alikuwa mwanamke pekee kati ya majaji wote.

Jopo lake lilikuwa la watu watatu: Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden, na yeye. Mshtakiwa aliyeletwa mbele yao ni Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, kisha meya wa Taba, huko Rwanda. Mwanzoni mwa mauaji alijaribu kuyazuia katika eneo lake, halafu baada ya wiki mbili hivi akageuka akawa upande wa wauaji. Hati ya mashtaka ilikuwa na mauaji, mateso na mauaji ya kimbari. Ubakaji haukuwamo, hata mstari mmoja.

Haukuwamo kwa nini? Si kwamba hakuna aliyejua. Ripoti zilizotoka mwaka 1996 zilishaeleza waliyotendewa wanawake wa Rwanda. Lakini wapelelezi walioingia vijijini wengi wao walikuwa wanaume wageni, na walikwenda wakitafuta nani aliua na nani aliuawa. Mwanamke aliyenusurika aliulizwa habari za mume wake na za watoto wake. Habari za mwili wake mwenyewe hakuulizwa, naye hakuzitaja. Ni nani hapa angezitaja mwenyewe, mbele ya wanaume asiowajua, maneno yakipitia kwa mkalimani?

Kesi ilianza Januari 1997. Akapanda kizimbani mama mmoja ambaye kumbukumbu zinamwita Shahidi J. Katika ushahidi wake alisema kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na Interahamwe watatu, yaani wanamgambo walioendesha mauaji.

Wanasheria wenzangu, mnajua kinachoweza kutokea hapo. Shtaka la ubakaji halipo. Wakili wa utetezi anaweza kusimama na kupinga. Mwendesha mashtaka anaweza kusema ahsante mama, turudi kwenye mauaji. Jaji anaweza kuandika mstari mmoja kwenye daftari lake, akatazama saa. Nimeshuhudia hilo likifanyika katika mahakama zetu, na katika kesi ndogo kuliko hiyo. Majaji wale waliuliza. Hukumu yenyewe inasema kwamba alipohojiwa na jopo, Shahidi J aliongeza kuwa alisikia wasichana walibakwa katika ofisi za wilaya, yaani ofisi za mshtakiwa. Kisha akaja Shahidi H, akaeleza kwamba yeye mwenyewe alibakwa katika shamba la mtama, na kwamba aliona wanawake wengine wakibakwa nje kidogo ya uzio wa ofisi hizo hizo.

Kesi ikaahirishwa. Upande wa mashtaka ukarudi Taba, safari hii ukiuliza swali lenyewe. Mashirika ya kutetea wanawake yakaandika mahakamani kuomba mashtaka yaongezwe. Juni 1997 hati ya mashtaka ikarekebishwa na ubakaji ukaingia. Wanawake wakaja Arusha, mmoja baada ya mwingine, wakiitwa kwa herufi ili wasijulikane. Wakasema kwamba walikimbilia ofisi ya meya wakiamini kwamba serikali ni kimbilio, na kwamba pale walipokimbilia ndipo walipobakwa, mara nyingine meya akiwepo na akitazama.

Hukumu haisemi ni jaji gani aliuliza swali gani, na mimi sitambebesha sifa zote mtu mmoja. Majaji wale wawili wanaume walitia saini hukumu ile pamoja naye. Lakini yule wa tatu alikuwa ametumia miaka mingi Durban akiwasikiliza wanawake waliopigwa na waume zao, wanawake wanaoanza kueleza habari ya kodi ya nyumba, kisha ya watoto, na lile lililowaleta wanalifikia mwisho kabisa, kama hujawakatiza. Hicho ndicho alichokuja nacho Arusha, na hakifundishwi darasani. Wahenga wetu walisema kuuliza si ujinga. Hata Sheria yetu ya Ushahidi inampa hakimu nafasi ya kumuuliza shahidi swali ili kupata ukweli. Nafasi hiyo haitumiki inavyopaswa.

Sasa tazameni kilichozaliwa na swali lile. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alikuwa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari ulikuwepo tangu mwaka 1948, miaka 50 bila mahakama ya namna hiyo kuutumia. Na jopo likasema kwamba ubakaji, ukifanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi la watu, ni mauaji ya kimbari sawasawa na kuua. Mkataba haukubadilishwa hata neno. Tangu mwanzo ulitaja kuwaumiza watu vibaya mwilini au akilini. Maneno yale yalikuwa yamekaa nusu karne yakimsubiri mtu wa kuyasoma akiwa anamfikiria mwanamke.

Vilevile sheria ya kimataifa haikuwa na tafsiri ya ubakaji. Jopo likaitunga: ni kuuvamia mwili wa mtu kwa namna ya kijinsia, katika mazingira ya kumshurutisha. Likaeleza kwamba kushurutisha si lazima kuwe kwa nguvu za mikono. Vitisho vinatosha, na Interahamwe wakiwa wamezunguka eneo, hofu yenyewe ni shuruti. Aliyebakwa hahitaji kuonyesha makovu ya kupigana. Likasema pia kwamba ukatili wa kijinsia unaweza kutokea bila mwili kuguswa, kama alivyofanyiwa mwanafunzi mmoja aliyevuliwa nguo na kulazimishwa kufanya mazoezi ya viungo uchi mbele ya watu. Mwezi mmoja baadaye Akayesu alihukumiwa kifungo cha maisha. Pillay alisema wakati ule kwamba tangu enzi na enzi ubakaji umehesabiwa kuwa ngawira ya vita, na kuanzia hapo utahesabiwa kuwa uhalifu wa kivita.

Turudi nyumbani, kwani mwaka huo huo wa 1998 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Wanaharakati wetu, wanasheria wanawake wa TAWLA na waandishi wa TAMWA wakiwemo, walikuwa wameipigania kwa miaka. Adhabu ya kubaka ikawa si chini ya kifungo cha miaka 30. Lakini kwangu mimi badiliko lililogusa mizizi liko kwenye kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi: mahakama ikiridhika kwamba mtoto au mtu aliyetendewa kosa la namna hii anasema kweli, inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wake peke yake, bila kudai ushahidi mwingine wa kuuunga mkono. Kanuni za mahakama ya Arusha zilisema hivyo hivyo: shahidi wa ubakaji hahitaji mtu wa pili wa kumthibitishia. Baadaye Mahakama yetu ya Rufani, katika kesi ya Selemani Makumba, ikasisitiza kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hauna budi kutoka kwa aliyebakwa mwenyewe.

Mnaona uzito wake? Kama neno lake ndilo ushahidi, basi namna anavyoulizwa ndiyo kesi. Mtoto wa darasa la tatu anasimama mbele ya watu wazima waliovaa suti nyeusi. Akiulizwa kwa kufokewa atanyamaza, na faili litasomeka kwamba shahidi alishindwa kujieleza. Akiulizwa taratibu, kwa maneno anayoyatumia na mama yake, atasema. Wanafunzi, jifunzeni hili kama mnavyojifunza kunukuu vifungu.

Kuna atakayeniuliza kama ninasema kwamba ni jaji mwanamke tu anayeweza kuona mambo haya. Hapana. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza ilipokea shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Holaria, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, akaliuza, na mtoto wa ndugu yake akadai kwamba kwa mila mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya, mwanamume, alitazama Hati ya Haki katika Katiba na mikataba ambayo nchi imetia saini, akatamka kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Kwa hiyo moyo wa kuona haugawiwi kwa jinsia. Ninachosema ni kwamba benchi lililojaa watu waliopitia maisha ya aina moja litauliza maswali ya aina moja, na kuna mashahidi watashuka kizimbani na neno lao mdomoni.

Yaliyofuata katika maisha yake nitayataja kwa ufupi. Mwaka 1999 majaji wenzake walimchagua kuwa Rais wa mahakama ile ya Arusha. Aliongoza jopo la kesi ya vyombo vya habari, ya redio RTLM na gazeti la Kangura vilivyochochea mauaji ya Rwanda, hukumu yake ikasomwa Desemba 2003; rufaa ilipunguza baadhi ya makosa na adhabu, ila waandishi na watangazaji wetu wangefanya vyema kuisoma kila unapokaribia uchaguzi. Akaenda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, kisha kuanzia 2008 mpaka 2014 akawa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa.

Nataka nimalizie na lile ambalo Arusha haikuweza kulifanya.

Wanawake wa Taba walitoa ushahidi, wakarudi Taba. Wengi wa waliobakwa katika mauaji yale waliambukizwa virusi vya UKIMWI. Kwa miaka watetezi wa haki walilalamika kwamba mshtakiwa aliye mahabusu Arusha anapata daktari na dawa, wakati mama aliyemtolea ushahidi yuko kijijini bila kitu. Mahakama ile haikuwa na mfuko wala mamlaka ya kumlipa fidia. Mwaka 2000 Pillay, akiwa Rais wake, aliwasilisha kwa Umoja wa Mataifa hoja ya majaji kwamba waathirika wana haki ya fidia na kwamba kitafutwe chombo cha kuishughulikia. Mahakama ikafungwa mwishoni mwa 2015 chombo hicho kikiwa hakijaundwa. Yule mtoto wa Clairwood aliyeona mwizi akitiwa hatiani na fedha zisirudi alikuwa sasa amekaa kiti cha juu kabisa cha mahakama, akiliona jambo lile lile likiwapata wengine.

Sisi hapa hatuna kisingizio hicho. Sheria ile ya 1998, katika kifungu cha 131 ilichokiingiza kwenye Kanuni ya Adhabu, inasema mbakaji pamoja na kifungo ataamriwa kumlipa fidia aliyemtendea, kwa kiasi ambacho mahakama itakipanga. Ni amri, si hiari. Hata hivyo nimesoma hukumu nyingi zinazoishia kwenye idadi ya miaka ya jela, fidia haikutajwa, au imetajwa kwa mkato bila kueleza imepatikanaje. Ninyi mtakaokuwa waendesha mashtaka, siku ya adhabu msikae chini baada ya kusikia miaka 30. Simameni muiombe amri hiyo, mkiwa na vielelezo mkononi: risiti za hospitali, nauli za kwenda na kurudi mahakamani, muhula wa shule uliopotea. Ninyi mtakaotoa msaada wa kisheria, mweleze mama wa mtoto mapema kwamba atunze karatasi hizo. Na ninyi mtakaokuwa mahakimu, kiandikeni kiasi hicho katika hukumu, kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya mwisho ya kulipa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali.